Rimu ya Saa Kumi

"Jana hamkugonga, juzi hamkugonga, wiki nzima mnatulipulia tu..."

"Shemeji, hebu nisikilize, sisi tangu Jumatatu..."

"...kama vile kule kwangu wanaishi panya!"

Herman, msimamizi wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, pale Nyarugusu, alifungua mdomo mara ya nne, akaufunga. Paskazia, jirani wa duara, akishapandisha hasira, kumkatiza ni sawa na kuzuia ng'ombe aliyeona maji.

Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Kila siku saa kumi jioni, kabla ya kuwasha baruti, Herman agonge mara tatu rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Paskazia akiisikia, anamvuta mumewe Mayala, sajenti mstaafu aliyerudi kutoka vitani Kongo na nishani moja na usingizi nusu, anamwingiza uvunguni mwa kitanda na kumkumbatia hadi mlipuko upite. Mwaka juzi Herman alisahau kugonga. Mayala akadhani kavamiwa, akamvunja mkewe mkono. Mpaka leo haunyooki vizuri.

Kwa ajili ya saa kumi, Paskazia aliacha kwaya, akaacha gulio la Kharumwa. Hata harusi ya mdogo wake kule Isaka aliondoka pilau likiwa bado jikoni. Majirani wanamtania kwamba jeshi zima limekabidhiwa kwa mke. Anacheka nao, halafu anatazama saa.

Mayala mwenyewe alisimama nyuma yake, akitafuna karanga.

Bodaboda ikapita, ekzosi yake ikapasuka, pa! Paskazia akamrukia mumewe, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Tulia Baba Noela, imepita. Imepita, tulia."

Hakuna karanga hata moja iliyodondoka.

"Umeona mnavyomfanya?" alimwambia Herman, midomo ikimcheza. Akaapa kwamba leo wasipogonga, kesho wataonana kwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha akatazama saa, akakung'uta vumbi kwenye magoti ya sketi, akamhimiza mumewe amfuate upesi, na yeye akatangulia mbio kwenda kutandika mkeka uvunguni.

Herman alishusha pumzi. "Kaka, basi mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Mayala alimeza karanga zake. Alimsindikiza mkewe kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

"Najua duara limejaa maji. Tangu Jumatatu hamjawasha baruti hata moja," alisema taratibu. "Milipuko anaisikia yeye tu, na mimi kushtuka nilishaacha tangu mwaka jana. Lakini nakuomba, mdogo wangu, kagonge hiyo rimu. Akiisikia, anajua itapita. Bila rimu hatoki uvunguni mpaka kuche, na mimi nimeshindwa kumtoa."