Viatu vya Muzee Kataliko

Janvier aliushusha mtaimbo juu ya jiwe la volkano, cheche zikaruka. Jiwe lilimeguka kidogo tu. Alipoinua kichwa apumue, aliona kwamba kamba ya kuongozea mtaro, ambayo Kasereka alikuwa akiivuta kuelekea bondeni, ilipita katikati ya banda lake mwenyewe.

"Kasereka, hiyo kamba imepotea njia."

"Haijapotea," alijibu Kasereka bila kumtazama. "Ni muzee alisema ipite hapo."

Ndani ya banda hilo alilala Nyiramahirwe, mke wa Janvier, pamoja na mtoto ambaye hata kitovu chake kilikuwa hakijadondoka.

Kambi yao ilikuwa nje kidogo ya Goma, juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima, na kila siku watu waliokimbia vita walizidi kufika kutoka Rutshuru na Masisi. Mabomu yalisikika upande wa Sake. Jana mvua ilinyesha, na maji ya bloki yao nzima, sehemu yao ya kambi, yakateremkia mabanda ya chini; watoto walilala wamesimama, wameegemea mapaja ya mama zao. Sasa mawingu yalikuwa yanarudi.

Aliyeamua mtaro upite wapi ni Muzee Kataliko, prezida wa bloki. Kifua kilimlaza tangu vita iliposogea, na hakutoka tena mchana. Mke wake, Mama Perpétue, aliketi mlangoni akichambua maharage. Mwenye shida alimweleza yeye. Mama aliinuka, akaingia, kikohozi kikasikika, akatoka na jibu.

Hakuna aliyebishana na jibu hilo, kwa sababu muzee alijua kila kitu. Usiku, watu wakiwa wamelala, aliizunguka bloki. Asubuhi walikuta nyayo zake kwenye udongo mweusi, kiatu cha ngozi chenye kisigino kilichopasuka, zikipita vyooni, penye bomba la maji, kandokando ya mtaro. Aliyekuwa na nia ya kusogeza bidoni lake la maji mbele ya mengine kwenye foleni aliziona, akalirudisha. Na viatu vyenyewe vilikaa mlangoni pa muzee, vikiwa na matope mabichi.

Janvier aliutupa mtaimbo chini.

"Leo siongei na mlango," alisema. "Aniambie mwenyewe, uso kwa uso."

Kazi ilisimama, maana hakuna mwingine aliyeweza kulivunja jiwe lile. Wanaume waliketi juu ya mchanga na beleshi zao, wakatazama mawingu.

"Enda umuone," alisema Hitimana, jirani yake aliyekuwa akizoa mawe. "Hata mimi niliingia na hasira, ile siku ya kugawa maharage."

"Akakuambia nini?"

"Ni mutu wa maneno machache, muzee. Machache sana."

Kasereka aligeukia upande mwingine, akajishughulisha na kamba.

Mama Perpétue alimwona Janvier akija, akaendelea kuchambua.

"Muzee analala."

"Basi nitamuamsha, mama."

Mama alimtazama kidogo, kisha akalisogeza beseni lake pembeni. "Ingia, mutoto wangu."

Ndani kulikuwa na godoro lililokunjwa, koti kwenye msumari, na redio isiyo na betri. Hakuna mtu.

"Muzee iko wapi?"

Mama Perpétue alishusha blanketi la mlangoni nyuma yao. Kwanza alikohoa, kikohozi kizito cha kiume kilicholitikisa turubai. Ndipo akajibu kwa sauti ya chini.

"Siku bomu la kwanza lilianguka, alipanda pikipiki, akashuka mjini, akaingia boti ya Bukavu."

"Bila viatu?"

"Alikuwa na haraka."

Janvier alimtazama miguu, jinsi ilivyovimba. Kumbe mama huyu ndiye huamka usiku, peke yake, na kuvivaa viatu vile. Hasira ilimpanda upya. Angetoka sasa hivi na kuwatangazia wote.

Alichungulia penye tundu la turubai. Wanande, kabila la Kasereka, walikuwa wameketi bega kwa bega na watu wa Rutshuru kama Hitimana, na hakuna aliyeondoka. Wote walikuwa wakiungojea mlango huu. Bloki ya jirani haikuwa na prezida. Kule kila mtu alichimba mtaro wake mbele ya banda lake, na maji yote yakakutana kwenye hema la maombi.

"Nyiramahirwe na mutoto watalala hapa," alisema Mama Perpétue. "Nafasi iko. Unaiona."

Janvier alijifuta uso, akatoka.

Wote walisimama.

"Muzee amesema mtaro upite kwangu," alisema. "Bibi yangu na mutoto anawapa nafasi kwake."

Nyuma yake kikohozi kilisikika tena.

"Ana roho muzuri, muzee," alisema Kasereka.

Walilibomoa banda kwa pamoja, wakamhamisha Nyiramahirwe na mtoto wake, wakarudi kwenye kamba. Chini ya mahali palipokuwa na kitanda walikuta jiwe kubwa kuliko yote. Janvier alilipiga hadi mikono ikafa ganzi, na jiwe halikutoka. Mawingu yalikuwa yamegeukia ziwani, giza likaanza kuingia.

"Tuliache, tutalimaliza kesho," alisema Hitimana.

Wengine walipokuwa wakikusanya beleshi, alimsogelea Janvier kana kwamba anampokea mtaimbo.

"Juzi nilikuwa mimi, jana Kasereka," alimnong'oneza. "Leo ni zamu yako kuvitembeza viatu vya muzee. Vitakubana vidole, lakini zoea tu. Sisi wote vinatubana."