Jina Moja Kila Mstari

Insulini ilipungua kwenye stoo ya hospitali, na Siwema, mtunza stoo, akaambiwa ajieleze kabla ya jioni, la sivyo kazi hana. Akamwita fundi wa kompyuta afungue kumbukumbu za mfumo, zile faili ambazo mashine hujiandikia yenyewe kila aliyeingia na alichofanya.

"Fungua tu, kaka Mbwana. Mashine haina shangazi hapa wa kumpendelea."

Mistari ikashuka. Aliyetoa insulini saa saba mchana: Siwema.

"Saa saba nilikuwa nyumbani namnyonyesha mwanangu!"

"Nani alikuona?"

"Yeye mwenyewe."

Fundi akacheka kidogo, kisha akaacha. "Dada, nani mwingine analijua neno lako la siri?"

"Hawana haja ya kulijua. Hapa anayewahi asubuhi ndiye anayefungua kwa jina lake, wenzake wanaendelea hapohapo. Na anayewahi ni mimi."

"Basi mashine inakujua wewe tu."

Siwema akaweka kiganja juu ya kioo, kama anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni. Mistari ikazidi kushuka, jina lake likipita katikati ya vidole.