Sanda ya Ijumaa

Tangu benki zianze kupokea malipo kutoka siku ambazo bado hazijafika, Salha hakuwahi kulalamika. Jumanne hii alipiga simu kwa hasira.

“Mmenikata pesa! Mimi sijanunua sanda!”

“Utanunua Ijumaa, mama,” mhudumu alimjibu kwa upole. “Alama ya kidole ni yako. Haturudishi.”

“Sasa nikishakufa nitajinunuliaje sanda?”

“Hapo siwezi kukusaidia, mama.”

Salha alifungua risiti. Mwanamke huvikwa vipande vitano vya sanda, mwanamume vitatu. Risiti ilionyesha vitatu.

Jikoni mumewe, Shaweji, alikuwa akimenya viazi huku akipiga mluzi.

“Benki wamesemaje?”

“Wamesema watarekebisha,” Salha alisema, akamnyang’anya kisu.