Kibati Ndani ya Chungu

Bi Mkubwa alichukua kijiko cha chai, akatega sikio. Katika chumba cha pili cherehani ilikuwa inakwenda mbio. Vizuri. Akapiga magoti mbele ya chungu, akaanza kufukua.

Ilikuwa siku yake ya nne nyumbani kwa mwanawe, katika mji huu wa baridi ambako watu huvaa masweta mawili mchana kweupe. Alikuja kuuona mti wake, bogonvilia aliyopandiwa na marehemu mumewe siku ya harusi yao, miaka arobaini na moja iliyopita. Aliulea kwao kwenye joto, na mwanawe alipooa akawapa yeye na mkewe. Sharti lilikuwa moja tu: mti usife.

Na kweli haukufa. Ulisimama dirishani, umejaa maua tele, na hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Maua yalikuwa yamekolea rangi mno. Kwao yalikuwa ya rangi ya waridi. Haya yalielekea zambarau. Shina nalo lilikuwa jembamba. Ni kweli kwamba hata kwao halikupata kunenepa kama mashina ya majirani, lakini sasa wembamba huo ulimkera.

“Baridi ndiyo inayokoza rangi, Mama,” mkamwana wake alimweleza siku ya kwanza. “Miezi ya baridi tunauingiza ndani. Unapukutisha majani yote, unabaki fito tupu. Mwaka wa kwanza nililia, nikajua umekufa.”

“Kumbe?”

“Kumbe umelala tu.”

Umelala! Bi Mkubwa alikaa na mti ule miaka yote hiyo asiuone ukilala hata siku moja. Tangu aolewe alisafiri mara tatu tu: kwenda kujifungua kwa mama yake, kwenda kumuuguza mama huyohuyo, na kwenda kupasuliwa jicho. Mara zote aliuacha mikononi mwa marehemu, mtu mkarimu kwa kila kitu, hata kwa maji. Na kila aliporudi aliukuta unameremeta, hauna hata jani bovu, na marehemu amesimama pembeni yake anatabasamu. Ikiwa mwanamume aliweza, huyu binti alishindwaje hata mti ukabaki fito?

Jana aliomba aubadilishie udongo. Mkamwana karibu adondoshe kikombe.

“Usiiguse mizizi, Mama, tafadhali! Huu mti ukivurugwa mizizi unasusa. Na maji pia kidogokidogo. Maji yanauua haraka kuliko baridi.”

Mtu asiye na la kuficha anaogopa kijiko cha udongo? Bi Mkubwa hakulala vizuri. Aliona wazi kilichotokea: mti wake umekufa kwa baridi, mkamwana amekimbilia kununua mwingine, na sasa anamchezea shere mzee wa watu. Jioni hii mwanawe angerudi kutoka kazini, na Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kuyapanga maneno. Mke anayeweza kukudanganya juu ya mti, mwanangu, atakudanganya juu ya mengi. Alimjua mwanawe. Angemsikiliza mama yake, na nyumba hii isingekuwa kama zamani.

Ila kwanza alitaka ushahidi, na ushahidi alijua ulipo. Mti ule ulinunuliwa kwa Kipara, mwenye kitalu jirani yao kule kwenye joto, rafiki mkubwa wa marehemu. Kila mche aliouuza, Kipara aliufunga kibati kidogo alichokitoboa tarehe kwa msumari. Siku ya harusi Bi Mkubwa aliona kwa macho yake kibati kikifukiwa chunguni pamoja na mizizi. Alimkumbuka Kipara vizuri, mtu wa kuchekacheka ovyo. Kila Bi Mkubwa aliporudi safari, Kipara alimpokea kwa kicheko kisichokwisha, mpaka marehemu amkanyage mguu.

Kijiko kiligonga bati.

Alilifuta kwa pindo la gauni, akalisogeza kwenye mwanga. Moyo ukamlipuka kwa furaha mbaya. Haikuwa tarehe ya harusi! Alihesabu tena matundu kwa ncha ya kidole. Nimekukamata, bibie. Nimekukamata mchana kweupe.

Kisha akausoma mwaka.

Ulikuwa mwaka aliopasuliwa jicho, mwezi uleule. Mwaka huo mkamwana alikuwa bado mwanafunzi, hata hajaijua familia ya Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikaa chini sakafuni. Akafukua tena, taratibu, akiikwepa mizizi. Kibati cha pili kilikuwa na kutu: mwaka wa ugonjwa wa mama yake. Cha tatu kilikuwa kimeliwa pembeni, lakini mwezi wa kujifungua kifungua mimba hakuna mama anayeusahau. Cha nne alikitoa chini kabisa, naye hakuhitaji kukisoma.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkamwana alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anatazama udongo uliotapakaa kwenye zulia.

“Mama, kama una shaka na mimi, niambie,” alisema. “Huo si mti wako?”

Bi Mkubwa alivifumba vile vibati vinne kiganjani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kama anacheka au analia.

“Ni wenyewe, mwanangu. Njoo nisaidie kuufukia,” alisema. “Ila siku ukisafiri, uuache kwa jirani. Huyo mume wako ni baba yake mtupu. Usimwachie kopo la maji.”