Namba Saba

Bibi mmoja alifika mlangoni kwa daktari, akamwamkua vizuri, akamuulizia na watoto, kisha akageuka na kwenda kupanga foleni kwenye kibanda cha skrini.

"Bibi, mimi nipo," daktari alimwita. "Sina mgonjwa hata mmoja."

"Naona, mwanangu. Lakini mimi nakwenda kwa Namba Saba."

Namba Saba! Mwezi wa tatu sasa zahanati nzima haina wimbo mwingine. Wezi wa mtandao waliwahi kutumia majina ya madaktari wa skrini kuwatapeli wagonjwa, ndipo madaktari hao wakafichwa, kila mmoja akapewa namba. Huwaoni sura, huwasikii sauti, unaandika, wanakujibu. Na huyu Saba, eti anakumbuka hata kumuuliza mtu kama mjukuu wake ameacha kukohoa.

"Na wewe si ujiandikishe, upewe namba?" mfamasia alimtania akipita.

Daktari hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili ndani ya chumba kile, na Ijumaa kamati ingekaa kuamua kama kibaki chake au kiwekwe skrini ya pili. Aliona wivu, wala hakuuonea haya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu naye atakosea tu, na wa kumkamata ni mimi.

Alifunga mlango, akatoa simu, akajiandikisha kwa Namba Saba kama fundi seremala. Mfumo ukataka namba ya simu ili umtumie namba ya siri. Yake ilijulikana na kila mtu pale, basi akaweka ya mkewe, kisha akampigia.

"Mama Pacha, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako. Hebu nisomee."

"Si wanasema namba hizo hapewi mtu, hata awe mumeo?"

"Nisomee bwana, nina haraka!"

"Hata mimi. Nina watu hapa." Akazisoma, akakata.

Watu gani? Mashoga zake tu, nani mwingine. Tangu aache kazi kulea pacha, nyumba ile haikaukiwi wageni.

Namba Saba alimkaribisha fundi, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Daktari akaanza kumpikia ugonjwa usiokuwepo duniani: macho ya manjano, nyayo kuwasha, homa ya kila Jumanne. Uongo ulipomwishia akaongeza kwamba kifua kinambana na mkono wa kushoto unakufa ganzi akipanda ngazi.

Hilo la mwisho halikuwa uongo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Jibu halikuchelewa. "Fundi, homa haijui kalenda. Ya Jumanne umeitunga, na macho umeyatunga. Kifua na mkono hukutunga. Vimeanza lini?"

Alikusudia kuandika kwamba anatania, lakini vidole vikaandika: "Wiki mbili."

"Na umenyamaza wiki mbili zote hizo? Kapimwe moyo leo hii. Usingoje kesho."

Daktari aliusoma ujumbe huo mara tatu, akitafuta kosa. Hakuliona. Angekuwa na mgonjwa wa aina hiyo mbele yake, angemwambia neno kwa neno vilevile, na hicho ndicho kilichomchoma kuliko yote. Saba alikuwa daktari kwelikweli. Ijumaa chumba kitakwenda, na kitakwenda kwa haki.

Hasira zikampanda. Akaandika kwa herufi kubwa: "NA WEWE NI NANI WA KUNIAMRISHA? UMESOMEA WAPI?"

Vile vinukta vitatu vya mtu anayeandika vilitokea, vikapotea, vikatokea tena.

"Darasa moja na wewe, Baba Pacha, na mitihani yote nilikushinda. Kaa hapo hapo, usipande ngazi yoyote. Nakuja na teksi."