Kitanda cha Koplo Lugendo

Siku hizi askari hakopi kwa mshahara, anakopa kwa miezi: kila anachochukua dukani, anaongezewa muda wa kukaa mpakani. Nyamizi alipopokea kitanda cha sita kwa sita kutoka kwa mumewe, Koplo Lugendo, wanawake wa kota nzima walijaa chumbani.

"Shoga, mwenyewe anakuja lini kukilalia?" Mama Siwema alimtania.

"Alikuwa aje Idi hii. Kitanda kimemsogeza mpaka mwakani."

Wakaangua kicheko. Nyamizi naye akacheka. Simu ikaita.

"Mke wangu, umekipenda?"

"Nimekipenda."

"Godoro lake ni miezi minne tu. Nichukue?"

Nyamizi aliwatazama wageni waliokalia chaga tupu wakisubiri chai.

"Chukua," alisema. "Ukirudi utalalia mbao?"