Kukamua Blanketi

Blanketi lilimchomoka mama mikononi, likaanguka topeni.

Binti yake aliduwaa. Kila wakikamua blanketi, mmoja huku na mwingine kule, yeye humlegezea mama, kisha hujidai ameshindwa. Leo kichanga chake kililia ndani, akageuza shingo, akasahau, akasokota kwa nguvu zake zote.

Mama akaitazama mikono yake. Ndiyo iliyofua mashuka ya hoteli nzima, na sasa ngozi ilining'inia kama gauni la kuazima.

"Sabuni tu hiyo, mama. Imeteleza."

"Sabuni gani, na tumeshasuuza?"

Binti akakosa pa kujificha. "Mama, daktari alisema upunguze asidi ya yuriki kwenye damu, jongo lisikutese kidoleni. Hakusema uishi kwa uji mtupu. Umeacha nyama, umeacha maziwa, mpaka mayai. Misuli inakwisha."

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniachia?"

"Ndiyo, mama."

Mama akaangua kicheko. "Basi umenirithi! Ulipokuwa mdogo unatangaza mtaa mzima umenishinda, ulidhani nani alikuwa anaachia?"

Binti akajiona vilevile alivyokuwa, gauni limelowa, kidevu juu, shujaa wa uani. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini. Akacheka huku macho yakimjaa machozi.

Mama akainama kuliokota blanketi. Lilikuwa zito kwa maji, likagoma kuinuka. Akajaribu tena, kisha akaliacha.

"Mayai, daktari alisema hayana neno?"

"Hayana neno, mama."

"Kachemshe mawili."